Somo: Nyumba ya baridi ya Wainuiti, kuanzia shimo hadi taa

Ukitaja Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, yaani nchi za baridi kali kaskazini kabisa mwa dunia, wengi hufikiria kuba la theluji. Kumbe sehemu kubwa ya nchi yao, toka Alaska hadi Greenland, nyumba ya kukaa majira yote ya baridi ilikuwa ya udongo, mawe, magogo au mifupa ya nyangumi. Nafundisha ile ya Wathule, mababu wa Wainuiti wa leo, kwenye visiwa vya kaskazini mwa Kanada, ambako hakuoti miti.

Hatua ya 1: Shimo. Ardhi ya huko imeganda mwaka mzima, ila tabaka la juu hulegea wakati wa joto. Chimba kabla baridi haijarudi. Sakafu iwe chini ya usawa wa ardhi, kisha itandaze mawe bapa.

Hatua ya 2: Njia ya kuingilia. Hapa msiharakishe, maana akili yote ya nyumba iko hapa. Ni njia ndefu, nyembamba, mtu hupita akitambaa, na sakafu yake iko chini kuliko ya chumba. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hutuama humo njiani. Ya moto hupanda, ikabaki chumbani na watu. Ingekuwa mlango uko sawa na chumba, hata ungewasha taa kumi, joto lingekuponyoka.

Hatua ya 3: Baraza ya kulalia. Hujengwa nyuma ya chumba, juu ya sakafu, kwa sababu hiyohiyo. Juu yake ngozi za kulungu wa Aktiki.

Hatua ya 4: Paa. Simamisha mataya na mbavu za nyangumi kuzunguka shimo, zijipinde kuelekea ndani. Funika kwa ngozi, halafu mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi. Theluji ikianguka juu yake, ni blanketi la bure.

Hatua ya 5: Taa. Huchongwa kwa jiwe la sabuni, jamii ya lile la Tabaka kule Kisii. Mafuta ni ya sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, utambi ni wa kuvumwani. Wanawake ndio walioitunza. Ilipikia, ikakausha nguo, ikatoa mwanga na joto.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sasa nyumba za theluji ni hadithi tu?
Hapana. Katikati ya Aktiki ya Kanada watu waliishi humo msimu mzima wakiwinda sili juu ya bahari iliyoganda. Kwingineko zilikuwa hasa za safarini. Theluji lazima iwe imeshindiliwa na upepo. Mjenzi hukata matofali kwa kisu cha mfupa au pembe, akayapanga kwa mzunguko unaopanda, mwenyewe akiwa ndani.

Moshi je? Si watakufa humo?
Paa lina tundu la hewa. Na utambi ukitunzwa vizuri, moshi ni kidogo. Ukizembea, masizi yatakukumbusha.

Kiangazi walikaa humo?
Thubutu! Barafu ikiyeyuka ndani panakuwa tope. Walihamia mahema ya ngozi.

Zipo za kutazama leo?
Karibu na kijiji cha Resolute, jimboni Nunavut kaskazini mwa Kanada, kuna masalia ya nyumba za Wathule, na baadhi zimejengwa upya kwa mifupa ya nyangumi. Familia za kisiwa cha Baffin, hukohuko Nunavut, ziliendelea na nyumba za udongo hadi karne ya 20, ila kwa mbao na turubai, na kuta za ndani wakizibandika kurasa za magazeti.