Kitambaa kinachoteleza kishone juu ya karatasi

Nilikuwa naweka bitana ya satini kwenye gauni, cherehani ikawa inakimeza kitambaa kila nikianza mshono. Dawa yake nimeipata: weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, kisha shona vyote kwa pamoja. Ile laini inayofungiwa viatu vipya ndani ya boksi ndiyo nzuri kuliko zote; ukiikosa, chana ya daftari. Meno ya cherehani yanashika karatasi badala ya satini, kwa hiyo kitambaa kinakwenda sawasawa, hakijikunji wala hakizami kwenye tundu inamopita sindano. Anza na karatasi iliyotokeza kidogo nyuma ya kitambaa, maana pale mwanzo ndipo kinapomezwa.

Ukimaliza, bana mshono kwa kidole gumba na uchane karatasi taratibu upande mmoja, halafu wa pili. Sindano imeshaitoboa, inaachia yenyewe. Usiivute kwa pupa, utalegeza nyuzi.

Pale inapogoma: ukishona kwa hatua (urefu wa kila mshono mmoja) fupi sana, vipande vinanasa chini ya uzi na utavitoa kimoja kimoja kwa pini (nimefanya, sirudii). Weka hatua ya milimita 2.5 hivi. Gazeti usilitumie kwenye kitambaa cheupe, wino unahamia. Na kama sindano ni butu, karatasi haikusaidii kitu, satini itavutika nyuzi tu. Badilisha sindano kwanza.