Hakiki miwani yako mpya kwa rula, ukuta na mwimo wa mlango

Mtu akilalamika kwamba miwani mipya inamtia kizunguzungu, jibu analopewa mara nyingi ni "utazoea." Pengine ni kweli. Lakini kuna wakati lenzi ya kulia imewekwa kushoto, au kitovu cha lenzi hakikai mbele ya mboni, na hayo si ya kuzoea. Ukiwa na karatasi ya vipimo, rula, kalamu na ukuta mweupe, utajua mwenyewe ndani ya nusu saa.

Anza na karatasi. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi kwa dayopta, yaani 1 gawanya kwa umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokutana) kwa mita. Hasi ni ya asiyeona mbali: jicho lake ni refu kuliko linavyostahili, kwa hiyo mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi, na milimita 1 tu ya ziada huleta karibu dayopta 2.5 hadi 3 za kutoona mbali. Chanya ni kinyume chake.

Mwenye hasi anaweza kujipima papo hapo. Vua miwani, ziba jicho moja, sogeza gazeti mbali polepole mpaka herufi zianze kufifia, kisha pima kutoka jichoni hadi kwenye gazeti. Sentimita 40 ni kama -2.50, sentimita 25 ni -4.00.

CYL huandikwa penye astigmatizimu, yaani pale konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) ilipobinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko. AXIS ni mwelekeo wake, kuanzia 1 hadi 180. Hapa kosa dogo lina gharama kubwa: axis ikipinda digrii 10, theluthi ya astigmatizimu hubaki, ikipinda 30, kinachobaki ni kikubwa sawa na kile ulichoanza nacho, ila kimegeuka mwelekeo. Usishtuke ukipewa karatasi mbili zinazotofautiana: -1.00 / -0.50 × 180 (SPH / CYL × AXIS) na -1.50 / +0.50 × 90 ni lenzi ileile. Jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, geuza alama ya CYL, zungusha axis digrii 90.

Sasa shika miwani yenyewe. Iweke sentimita 15 hivi mbele ya jicho moja, tazama mwimo wa mlango ulio mbali kupitia lenzi, kisha isogeze kushoto na kulia taratibu. Mwimo ukifuata lenzi, ni hasi; ukienda kinyume, ni chanya. Usinyooshe mkono wote, kwani jicho likiwa nje ya fokasi ya lenzi chanya, taswira hupinduka juu chini na mwendo unakudanganya. Kisha zungusha lenzi kama usukani. Mstari ukibaki wima, hakuna CYL. Ukikatika na kuinama, ipo. Lenzi isiyo na CYL kwenye karatasi ikikatisha mstari, irudishe.

Nguvu ya lenzi chanya hupimwa ukutani. Washa balbu iliyo mita 5 kutoka kwenye ukuta, zima taa nyingine, sogeza lenzi mbele na nyuma hadi taswira ya balbu iwe kali. Pima kutoka lenzi hadi ukuta, gawanya 1 kwa umbali huo kwa mita, kisha ongeza 0.20 kwa sababu balbu haiko mbali vya kutosha. Ukipata sentimita 43, lenzi ni kama +2.50. Usitumie jua, lenzi hizi huunguza karatasi.

Kinachosahaulika zaidi ni PD, umbali kati ya mboni mbili. Chora msalaba kwenye karatasi, shika lenzi juu yake, isogeze hadi mistari inayoonekana ndani ya lenzi iungane na ile ya nje. Hapo ndipo kitovu, weka nukta. Fanya hivyo kwa lenzi ya pili, pima kati ya nukta, linganisha na PD yako. Lenzi ya -6.00 iliyokosea milimita 5 hupindisha mwanga kwa dayopta 3 za prizimu (kipimo cha mwanga kuvutwa upande, si cha nguvu ya lenzi), na misuli ya macho hulazimika kuvuta mchana kutwa. Ndiyo maana kichwa huuma jioni. Kwa lenzi ya -1.00, kosa hilohilo ni nusu dayopta ya prizimu tu, na wengi hawalisikii.

Namba zote zikiwa sawa na bado unaona ukungu, toboa kadi kwa pini, tundu la milimita 1 hivi, uchungulie kwa jicho moja ukiwa umevaa miwani. Herufi zikiwa kali, kasoro ni ya vipimo, rudi ukapimwe upya. Zisipobadilika, huenda tatizo ni mtoto wa jicho, retina au mshipa wa fahamu, na duka la miwani halina dawa yake. Nenda kliniki ya macho. Ukiona vimweso vya ghafla, vijidoa vingi vinavyoelea au pazia jeusi linaloshuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.