Macho yakiingia giza unapoinuka

Mama yangu, kule Kibosho, hukata majani ya ng'ombe kila asubuhi. Siku moja aliinuka ghafla, dunia ikamzunguka, akakumbatia mgomba. Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Mgomba ule naushukuru hadi leo.

Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka tumboni na miguuni, presha ikaanza kushuka. Shikeni shingo taratibu chini ya taya, upande mmoja tu: hapo panapodunda pana neva zinazohisi mshipa unavyotanuka. Nyingine ziko kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mshipa ukilegea, zinautaarifu ubongo. Moyo unakwenda mbio, mishipa midogo inajikaza. Yote ni sekunde chache. Uzeeni kazi hiyo huzorota, na vidonge vya presha au kukaa bila kunywa maji huongeza tatizo.

Kwanza pimeni. Mzee alale dakika tano, mpime. Asimame, mtu akiwa karibu naye, mpime tena dakika ya kwanza na ya tatu, mkono ukiwa usawa wa moyo. Mama alitoka 142/84 akafika 116/76. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, mpelekeeni daktari namba hizo. Dawa msimkatize wenyewe, nawasihi.

Kuinuka kwenyewe kunaanzia kitandani. Akiwa bado amelala, akunje na kukunjua nyayo mara ishirini hivi. Vigimbi vikikaza vinaisukuma damu irudi juu. Akae ukingoni dakika moja au mbili, miguu ikigusa chini. Asimame akishika kitu, atulie kabla ya hatua ya kwanza. Shambani apige goti kwanza, kichwa kiinuke mwisho. Giza likija hata hivyo, apishanishe miguu akaze mapaja na makalio, au akae chini palepale, hata kwenye tope.

Akizimia, najua majirani watakimbilia kumkalisha na kumpepea. Msimkalishe! Damu itazidi kukosekana kichwani. Mlazeni chali, inueni miguu yake juu ya mzigo wa majani. Asipozinduka ndani ya dakika moja, au akilalamika kifua, tafuteni gari la hospitali.