AC ya gari la zamani haitoi baridi? Cheki haya kabla ya kujaza gesi

AC ikigoma watu wengi wanakimbilia kujaza gesi, na hapo ndo hela inapotea, maana gesi haichomeki kama petroli, ikiisha ujue kuna mahali inavuja.

Washa injini, weka AC baridi ya mwisho, fungua boneti uangalie kompresa, yani pampu ya gesi ya AC inayoendeshwa na mkanda wa injini, mikono na nguo mbali na mkanda. Puli yake inazunguka muda wote, ila kile kisahani cha mbele, yani klachi, kinatakiwa kinase kwa mlio wa "tak" na kianze kuzunguka nayo. Kisiponasa cheki fyuzi, jaribu rilei (swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi) nyingine inayofanana, zikiwa nzima basi mara nyingi gesi imepungua na swichi ya presha imekata umeme ili kompresa isijiue. Kikinasa na hewa bado ni ya moto, angalia feni ya kondensa (ile kama rejeta inayopoza gesi, huwa mbele ya gari), na kondensa yenyewe kama haijaziba vumbi.

Sehemu inayovuja mara nyingi hujionyesha. Zima injini upitishe kidole kwenye maungio ya paipu, ukikuta mafuta yaliyokamata vumbi jeusi hapo ndo penyewe, kwa sababu oili ya kompresa hutoka pamoja na gesi.

Oringi (vipete vya mpira kwenye maungio) na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) zibadilishwe, halafu fundi avute vakyumu, yani anyonye hewa na unyevu wote, angalau nusu saa ndo ajaze gesi ya R134a. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya zamani ya R12, usichanganye hizo mbili kabisa. Na tafadhali usifungue paipu gesi ikiwa ndani, inagandisha ngozi na macho.