Jinsi ya kupata halijoto na mgandamizo wa hewa kutoka spektra za ACE-FTS

Mwongozo huu unatokana na kazi ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili anayetumia spektra (vipimo vya mwanga kwa kila urefu wa wimbi) za ACE-FTS, chombo kilichomo katika SCISAT, satelaiti ya Kanada iliyorushwa Agosti 2003. Kila macheo na machweo yanayoonekana kutoka kwenye satelaiti, chombo hulitazama jua kupitia ukingo wa angahewa na kupima mwanga wa infraredi uliofyonzwa njiani.

Hatua ya 1. Gawanya kila spektra kwa ile iliyopimwa juu ya angahewa katika tukio hilohilo.

Hatua ya 2. Chagua mistari ya hewa ya ukaa, yaani sehemu za spektra ambako gesi hiyo hufyonza mwanga: mikali kwa vimo vya juu, hafifu kwa vya chini. Weka kiwango cha gesi hiyo cha mwaka husika, kwani mwaka 2003 kilikuwa takriban sehemu 375 kwa milioni na sasa kimepita 420. Ukibakiza cha zamani, mgandamizo utatoka mkubwa kuliko ulivyo.

Hatua ya 3. Tafuta kimo cha kila mwale, yaani pale unapopita karibu zaidi na ardhi. Hapa ndipo saa hupotea. Tuseme mgandamizo unashuka kutoka hektopaskali 10 hadi 5 katika tabaka lenye unene wa kilomita 4.9: mlingano wa haidrostatiki, unaohusisha mgandamizo, kimo na halijoto, unatoa wastani wa kelvini 239. Ongeza mita 100 tu kwenye unene huo, na jibu linakuwa 244. Kwa hiyo, chini ya kilomita 45 hivi, ambako hewa huanza kuupinda mwanga kwa kiasi cha kuhesabika, vimo vya jiometri, yaani vilivyokokotolewa kutokana na mahali pa satelaiti na jua, vichukuliwe kuwa makisio ya kuanzia tu. Acha mistari yenyewe itoe mgandamizo na halijoto, maana mingine hukolea hewa ikipata joto na mingine hufifia. Kisha mlingano uleule ukupe umbali kati ya mwale na mwale. Rekebisha njia ya mwanga, rudia hesabu hadi vimo vitulie, na unapokadiria thamani za katikati tumia logi ya mgandamizo, kamwe si mgandamizo wenyewe.

Hatua ya 4. Usilainishe matokeo kupita kiasi. Programu nyingi hushawishi kufanya hivyo, lakini mawimbi halisi ya angahewa hufutika pamoja na kelele za vipimo.

Hatua ya 5. Linganisha na vipimo vya maputo ya hali ya hewa vya karibu kwa mahali na saa. Mengi hupasuka karibu na kilomita 30. Juu ya hapo tumia laida, chombo kinachopima hewa kwa miale ya leza.