Kutoboa kauri ndogo bila kuipasua

Wengi mnaniuliza kauri za mikufu natoboaje mbona zenu zinapasuka, haya leo naelekeza. Kauri hapa ni gamba la konokono wa baharini, sio udongo wa vyombo. Naongelea ile ndogo yenye duara la dhahabu mgongoni kama pete, sentimita mbili na kitu, sio zile kubwa za madoa.

1. Okota tupu tu. Subiri bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakishatoka pita pale mawimbi yanapoacha takataka. Iliyo hai inang'aa kama imepigwa vanishi, maana konokono mwenyewe anatoa ngozi yake laini analifunika gamba lote, hata mwani hauoti. Una wasiwasi? Iache kwenye dimbwi usubiri, mara nyingi utakuta konokono alishakufa zamani na kaa kajipangishia humo, muache na nyumba yake. Ndani ya hifadhi ya bahari kama Mafia usiokote kabisa.

2. Loweka maji ya bomba siku tatu nne, unabadilisha kila siku na kutikisa, maana mdomo wake mwembamba na una meno pande zote, mswaki hauingii. Ikinuka bado. Siki na ndimu HAPANA jamani, gamba ni chokaa na asidi inalila, mimi niliua bakuli zima zikapauka kama zimepakwa majivu.

3. Sasa kutoboa. Wanaopiga msumari ndio wanaopasua. Lowesha jiwe la kunolea, shika kauri mdomo juu, saga mgongo taratibu. Mng'ao unaondoka kwanza, halafu inakuja rangi ya zambarau, ukiiona hiyo punguza nguvu kwa sababu tundu liko karibu, na usisage kavu, vumbi lake baya kifuani. Tundu likitokea uzi unaingia mgongoni unatokea mdomoni, kwisha.

Usidhani ni ufundi mpya huu. Kauri hizi hizi kuanzia 1845 wafanyabiashara wa Kijerumani walizibeba kutoka Zanzibar kwa meli kwenda Afrika Magharibi zikatumike kama pesa, na kule Dahomey, ufalme wa zamani kwenye Benin ya leo, walitoboa wakatunga 40 kwa uzi mmoja. Zikaingia nyingi mno hadi zikashuka thamani.

4. Tunga kwa nailoni ya mshipi wa kuvulia samaki, fundo katikati ya kila mbili zisigongane, ukimaliza tone la mafuta ya nazi kwenye kitambaa, futa. Ukizidisha zitashika vumbi na mteja atakurudishia.