Kuchapa tishu kwenye joto la Pwani: wino wa alginati na jelatini kwa maabara ya Bagamoyo

Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyofanya awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Korogwe mkoani Tanga. Kimelea cha malaria hukua kwanza kwenye ini ndipo kiingie kwenye damu, na ini la mtu hai halifunguliwi likatazamwa. Ndiyo maana kipande kidogo cha tishu ya ini, kilichochapwa kwa printa na kutunzwa kwenye sahani, kina thamani kubwa kwa watafiti. Tatizo ni kwamba miongozo mingi ya kukichapa imeandikiwa vyumba vyenye ubaridi. Ukiifuata ilivyo hapa kwetu mwezi Februari, wino, yaani jeli inayobeba seli, utatandaa sahani nzima.

Anza bila seli. Usifungue kichupa cha seli hata kimoja mpaka wavu wa mistari ya wino mtupu utoke sawasawa kwenye printa mara tatu mfululizo.

Wino

Kwa mililita 50 unahitaji gramu 3 za jelatini, gramu 2 za sodiamu alginati na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kama yale ya dripu. Usitumie maji ya chumvi yenye fosfeti, ingawa ndiyo yaliyozoeleka kwa seli: fosfeti hunyakua kalsiamu, ambayo ndiyo hugandisha alginati, zinatokea chembechembe nyeupe kama ukungu na jeli inabaki dhaifu. Vyombo navyo visuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima cha Pwani yana kalsiamu, na yakibaki kwenye bika alginati huganda mabonge kabla ya wakati wake.

Wengi huuliza kama mwani wa Mlingotini unafaa. Spinosamu na kotonii zinazolimwa kule hutoa karajinani, wakati alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Karajinani pia ni jeli nzuri, ila ina masharti yake. Ya kotonii, kwa mfano, hukaza zaidi kwa potasiamu. Usibadilishe moja kwa nyingine katika kipimo hiki.

Nyunyiza jelatini juu ya maji, iache dakika 10 ivimbe, kisha pasha hadi nyuzi 50 huku ukikoroga mpaka iwe angavu. Alginati itie kidogo kidogo, kwa muda wa dakika kumi hivi. Ukiimwaga yote kwa pamoja, kila bonge hulowa nje na kubaki unga ndani, na bonge moja linatosha kuziba sindano. Koroga kwa saa moja au mbili. Mapovu yaondoe kwa sentrifuji, mashine inayozungusha vichupa kwa kasi, wino ukiwa bado vuguvugu, dakika 3 hadi 5; povu likipita kwenye sindano, mstari hukatika.

Utakapofika kwenye seli, usipitishe alginati kwenye autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Nyuzi 121 huikata minyororo yake na mnato hushuka. Unga wake uanike chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika 30, na kazi iliyobaki ifanyike ndani ya kabati ya hewa safi.

Kalsiamu

Hapa unyevu wa Pwani huwadanganya wengi. Kloridi ya kalsiamu hunyonya maji hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa miezi kadhaa iliyopita itakupa gramu ambazo sehemu yake ni maji. Dawa ni kutengeneza akiba siku unayofungua chupa: gramu 14.7 za aina yenye molekuli mbili za maji, zijazwe maji hadi mililita 100. Hiyo ni mola 1 kwa lita. Wakati wa kazi izimue mara kumi.

Kuchapa

Jaza wino kwenye bomba la sindano na uliweke kwenye nyuzi 22 hadi 25 kwa dakika 20. Kisha sukuma kidogo ukiwa umelielekeza chini. Wino ukidondoka matone, bado una joto. Ukitoka uzi laini unaoning'inia, uko tayari. Ukitoka umekatikakatika wenye kingo za mikwaruzo, umepoa kupita kiasi. Urudishe kwenye joto dakika chache.

Tumia sindano ya geji 22, yenye tundu la milimita 0.41. Weka mwendo wa milimita 8 kwa sekunde na kimo cha tabaka milimita 0.3. Kama printa yako husukuma kwa hewa, anza na kilopaskali 30 upandishe taratibu. Chapa wavu wa milimita 20 kwa 20, nafasi ya milimita 2 kati ya mistari, tabaka nne.

Sahani nayo lazima ipoe, la sivyo jelatini haishiki. Ila ukiiweka juu ya barafu katika chumba chenye unyevu, inatoa jasho, tabaka la kwanza linateleza na wavu wote unapinda. Washa kiyoyozi nusu saa kabla, funga madirisha, na uitoe sahani kwenye jokofu dakika ile ile ya kuchapa.

Ukimaliza, mimina kalsiamu polepole pembeni mwa sahani, acha dakika 5, kisha suuza. Piga picha wavu ukiwa na rula kando yake. Mstari usizidi mara moja na nusu ya upana wa tundu, na vyumba vya wavu viwe na kona. Vikiwa vya duara, wino ulikuwa mlegevu.

Seli zinapoingia

HepG2, ukoo wa seli uliotokana na saratani ya ini, unafaa kwa kuanzia. Seli kutoka kwa wagonjwa zinahitaji kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kabla hujazigusa. Changanya ujazo 1 wa seli na 10 za wino kwa mabomba mawili yaliyounganishwa, ukisukuma huku na huku taratibu. Lenga seli milioni 1 hadi 5 kwa mililita.

Weka makundi matatu: seli za kawaida kwenye sahani, seli zilizochanganywa na wino bila kuchapwa, na zilizochapwa. Kundi la pili likifa, tafuta kosa kwenye wino au usafi. Likifa la tatu peke yake, msukumo ulikuwa mkubwa au sindano nyembamba mno.

Kuhesabu, yeyusha jeli kwa sodiamu sitreti ya milimola 55 kwa lita, yaani gramu 1.62 kwa mililita 100, dakika 10 kwenye nyuzi 37, kisha tia rangi ya tripani bluu: seli zilizokufa ndizo hugeuka bluu. Hesabu siku ya kwanza na ya saba. Katikati ya siku hizo jelatini itayeyuka na kutoka, nayo alginati peke yake seli haziishiki. Ukiona zimebaki duara bila kutandaa, hazijafa. Zimekosa pa kushika, na wino unaofuata uongezewe kolajeni, protini ambayo seli huishika. Na mistari isiwe minene: oksijeni hupenya takriban mikromita 200 tu kwenye tishu isiyo na mishipa ya damu, na seli zilizo ndani zaidi hufa hata kama kila hatua ya juu ilikwenda sawa.